Mayai Manne Kuelekea Whittier

"Kuku ametoka bandani."

Sauti ya Ostlund, mkuu wake wa kazi, ilimwingia Marfa Alexie sikioni wakati akiwaambia watalii thelathini na wanne watazame kushoto, dubu yuko ng'ambo ya mto Teklanika na watoto wake wawili.

Marfa hakugeuka. Alimaliza sentensi yake, akazima kipaza sauti cha basi, akawaacha watu wagombanie madirisha.

"Rudia," alinong'ona ndani ya kola ya koti.

"Kuku ametoka bandani. Mzigo uko kwenye kundi lako. Kesho asubuhi mnapanda treni, kesho jioni wanapanda meli. Usimguse mtu mpaka mpokeaji ajitokeze."

"Mbebaji ni nani?"

"Hatujui."

"Nina watu thelathini na wanne hapa, Ostlund."

"Basi una kazi."

Simu ya setilaiti, Iridium ndogo iliyolala ndani ya begi lake la mgongoni, ilikata. Marfa akawasha tena kipaza sauti na kuendelea na utani wake wa dubu na mkaguzi wa hifadhi. Watu wakacheka. Alikuwa ameusema utani huo mara arobaini tangu msimu uanze, na kila mara alijisikia kama mtu anayetafuna kitambaa.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa mpelelezi wa wanyamapori, na wiki hizi mbili za mwisho, tangu fununu za wizi wa viota zisikike, alikuwa mtembeza watalii mwenye kitambulisho cha plastiki kifuani na bastola ya Glock 43 kiunoni, chini ya fulana ya sufi. Goti la kulia lilimuuma. Usingizi alikuwa ameusahau. Mwezi wa tano huku Denali, kaskazini ya mbali, jua halitaki kwenda kulala, na pazia la chumba chake lilikuwa jepesi kama karatasi ya sigara.

Mzigo wenyewe ulikuwa mayai manne ya kozi mweupe, ndege mwindaji wa miamba ya kaskazini.

Yaliibwa siku sita nyuma kutoka kwenye mwamba ulio juu ya mto. Kuna watu ng'ambo wanaofuga kozi kwa ajili ya mashindano, na jike mweupe wa kaskazini kwao ni kitu ambacho mtu hamwonyeshi hata ndugu yake. Yai lazima lisafiri likiwa na joto la kuku anayeatamia, wala lisitikiswe. Kwa ndege ni hatari, viwanja vya ndege vina macho mengi. Lakini mtalii aliyetoka kutazama milima, akapanda treni, kisha akapanda meli ya starehe pamoja na watu elfu mbili wenye kofia za jua, nani atamtazama?

Mayai peke yake yasingemsumbua Marfa kiasi hiki. Chini ya mwamba ule aliokotwa Amos Ketzler, mhesabu viota wa hifadhi, kijana wa Nenana, kijiji kimoja na Marfa. Taarifa ya kwanza ilisema aliteleza.

Marfa aliishika kamba ya kupandia ya Amos kwa mikono yake. Ilikuwa imekatwa kwa kisu, mara moja, safi.

*

Jioni ile, kwenye ukumbi wa kulia chakula wa hoteli, alipita meza kwa meza akiuliza nani amependa nini. Mdomo ulitabasamu. Macho yalifanya kazi.

Alitafuta mtu asiyevua koti. Mtu anayekaa mbali na mwenzake, anayeogopa kukumbatiwa. Mtu anayeondoka mezani kila baada ya muda uleule.

Wanandoa wa Iowa walikuwa wamevua mpaka viatu. Bibi Lorraine Pfister, mjane mwenye darubini ya Leupold kubwa kuliko kichwa chake, alimkumbatia kila mtu, mhudumu wa supu akiwemo. Ndugu watatu wa Ohio walikuwa wamelewa kiasi cha kuvunja yai la chuma.

Mwishoni, karibu na jiko la moto, alikaa Mzee Everett Haugen. Miaka sabini na kitu, mrefu, mabega yameanguka, mrija wa oksijeni puani. Mashine yake ilikuwa kwenye begi jeusi pembeni ya kiti, ikinguruma taratibu. Mpwa wake Tamsin, mwanamke wa miaka thelathini na tano aliyevaa koti la Patagonia la rangi ya machungwa, alikuwa akimkatia samaki wake.

"Umefurahia, mzee?" Marfa aliuliza.

"Nimeona dubu mmoja na mgongo wa mtu mmoja mnene," Haugen akajibu. "Mgongo nimeuona zaidi."

Marfa akacheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha kweli. Bibi Pfister akadakia kutoka meza ya pili, akataka kujua kuhusu kozi, wanaatamia siku ngapi. Marfa akamjibu bila kufikiri: siku thelathini na tano, mayai matatu hadi manne, na siku za mwisho mama hayageuzi tena.

Alipoondoka alisikia saa ya Tamsin ikilia. Bip, bip. Tamsin akainama kwenye begi la mashine, akafungua kifuniko kidogo cha pembeni, akatazama, akafunga.

Mpwa mwema, Marfa aliwaza. Kisha akapanda chumbani na kulala akitazama dari lililojaa mwanga.

*

Treni iliondoka Denali asubuhi. Behewa lilikuwa la vioo mpaka juu, viti orofani, meza za chakula chini. Milima ikapita. Mito ya maji ya kijivu ikapita. Marfa alitaja majina yake yote kwa kipaza sauti, sauti yake ikimfikia yeye mwenyewe kama ya redio ya jirani.

Baada ya Talkeetna watalii wakasinzia. Alipita katikati ya viti akihesabu vichwa. Alipofika kwa Haugen alisimama afunge kamba ya kiatu.

Mzee alikuwa amelala, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka. Mashine ilinguruma miguuni pake.

Ilinguruma tu. Bila kukatika, kama friji.

Marfa alibaki ameinama, kamba ya kiatu mkononi.

Baba yake alikuwa ameishi na mashine kama hiyo miaka mitatu, Marfa akiwa amelala kwenye kochi upande wa pili wa ukuta. Mashine ya kweli hupumua na mgonjwa wake. Akivuta pumzi, inapuliza: pff. Akivuta tena: pff. Alikuwa amezisikiliza pumzi zile mpaka ya mwisho. Hakuna mtu angeweza kumdanganya kuhusu sauti ile.

Hii haikupuliza kitu. Hii ilikuwa inapasha joto.

Na chini ya mngurumo, ukitega sikio, kulikuwa na sauti nyingine. Nyembamba. Kama msumari unaokwaruza kioo.

Tamsin, kiti cha dirishani, alifungua macho.

"Umepoteza kitu?"

"Ujana," Marfa alisema, akainuka akilishika goti. "Samahani kwa kukuamsha."

Alishuka chooni, akafunga mlango, akatoa Garmin yake, kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na kuandika: MZIGO NI MASHINE YA OKSIJENI. HAUGEN NA MPWA. YAI MOJA LINALIA, LINAKARIBIA KUANGULIWA. NIWAKAMATE ANCHORAGE?

Jibu lilichukua dakika nne.

HAPANA. TUNAMTAKA MPOKEAJI. WHITTIER.

Marfa akanawa uso kwa maji baridi. Uso uliokuwa kwenye kioo ulimtazama kama mtu anayedai talaka.

*

Haugen alimkuta mezani chini, saa moja baadaye, akinywa supu bila kuionja. Alikuja peke yake, polepole, begi la mashine begani, akaliweka kwenye kiti kama mtu anayemketisha mtoto.

"Tamsin amelala," alisema. "Nikae?"

"Kaa, mzee."

Alikaa. Alitazama nje mpaka mti wa kumi ukapita.

"Wewe si mtembeza watalii, binti."

"Nimekosea wapi?"

"Jana, swali la yule mama wa darubini. Watembezaji wenzako wangesema ngoja nitazame kitabuni. Wewe ulijua mpaka habari ya kutogeuza mayai. Hilo linajulikana na watu wawili tu: anayeyalinda na anayeyaiba."

"Na wewe si mgonjwa."

"Ni mgonjwa. Magoti, moyo, na ujinga. Mapafu tu ndiyo mazima."

Marfa alisukuma bakuli pembeni. Mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umeshuka kiunoni. Aliuona mkono wa mzee umelala wazi juu ya meza, akaurudisha wake.

"Mwaka wa ngapi huu unaiba, mzee?"

"Niliiba yai langu la kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili. Sikuwahi kuua hata kifaranga. Niliwaambia wanunuzi kazi hii ni ya mwisho, na nilimaanisha. Nimechoka. Siku sita silali, nasikiliza kama wako hai. Huyu mmoja ameanza kuongea tangu alfajiri." Aligusa begi kwa kidole. "Unanikamata sasa?"

Amri ilikuwa wazi. Usimguse mtu. Usiseme.

"Amos Ketzler," Marfa alisema.

"Yule kijana aliyeteleza. Nimemfikiria sana."

"Nani alikuambia aliteleza?"

Haugen alitupa jicho kwenye ngazi za orofani.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Chini, upande wa pili, nalinda njia. Magoti haya hayapandi tena. Tamsin ndiye aliyepanda. Alishuka na mayai, akasema kuna mtu wa hifadhi alitokea, akapaparika, akateleza."

"Kamba yake ilikatwa. Kwa kisu. Nimeishika mimi."

Treni ililalia kona, vijiko vikagongana. Haugen aliuvua mrija puani, akaukunja taratibu, kama mtu anayevua kofia msibani.

"Si mpwa wangu," alisema hatimaye. "Nilimjua mwezi wa tatu. Wanunuzi ndio walioniletea."

"Mpokeaji ni nani?"

"Simjui jina. Mtu wa zahanati ya meli. Atanifuata na kiti cha magurudumu, aniulize kama nilipata baridi huko milimani. Nijibu: kidogo, miguuni. Kisha atanipitisha mlango wa wafanyakazi, pasipo na ukaguzi."

"Utafanya hivyo hivyo. Kila neno."

"Na baadaye?"

"Baadaye utafungwa, mzee. Sitakudanganya."

Haugen aliitikia kwa kichwa, karibu kwa shukrani. "Huko watu hulala, nasikia."

Kwenye ngazi kulikuwa na buti mbili na ncha ya koti la rangi ya machungwa. Tamsin alishuka akiwa na vikombe viwili vya kahawa.

"Mjomba," alisema kwa upole, "umesahau kuvaa mrija wako."

Marfa hakujua Tamsin alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

*

Baada ya Anchorage mvua ilianza. Bahari ikaonekana upande wa kulia, kijivu juu ya kijivu. Mbele, mlima ulifunga njia, na chini ya mlima kulikuwa na tundu jeusi: handaki la Whittier, kilomita nne za mawe, njia moja ya magari na treni.

Treni ilisimama mdomoni kungoja zamu. Marfa alipanda orofani, akatangaza habari za mizigo na kadi za kupandia meli. Watalii wakaanza kuvaa makoti.

Treni ikaingia. Vioo vikawa vyeusi.

Alimwona Haugen kwenye kiti chake, mrija bado puani, ncha ya pili ikining'inia hewani.

"Ameichukua," mzee alisema. "Nyuma."

Marfa alikimbia. Goti lilipiga kelele, akaliacha lipige. Alishuka ngazi, akapita meza, akausukuma mlango wa kibarazani, pale mabehewa mawili yanapoungana.

Kelele za magurudumu zilimvaa usoni. Nusu ya juu ya mlango wa nje ilikuwa wazi, na ukuta wa mawe ulikuwa ukikimbia nje, ukichuruzika maji. Tamsin alikuwa ameliegemeza begi kwenye ukingo wa dirisha. Mkono wake mmoja ulilishika. Mwingine ulishika kopo jekundu la pilipili ya kufukuzia dubu.

"Rudi," Tamsin alisema.

"Liweke chini."

"Nikiliachia, huna mayai. Huna kesi. Una mzee anayesinzia tu."

"Nina kamba ya Amos."

"Aliteleza."

"Tamsin, nimechoka. Liweke chini tumalize."

Tamsin alitabasamu kidogo, tabasamu lile lile la kumkatia mjomba samaki.

Marfa hakutoa bastola. Handaki la mawe, behewa lenye watu. Risasi ikishatoka hapo haichagui. Alifumba macho, akazuia pumzi, akaruka.

Kopo lililipuka: fssss. Moto ulimwingia jicho la kushoto, puani, kooni. Hakulikimbilia kopo wala hakumkimbilia Tamsin. Mikono yake miwili ilitafuta kitu kimoja tu, mkanda wa begi, ikaupata ukiteleza nje ya dirisha. Aliuvuta kwa uzito wake wote, akaanguka chali na begi juu ya kifua chake.

Kisu kilitoka. Alikisikia kikifunguka, hakukiona.

Pigo halikuja.

Kulikuwa na mtu mwingine pale kibarazani, akikohoa, akipumua kwa shida. Haugen alikuwa ameshika kofia ya koti la Tamsin kwa mikono yote miwili, akining'inia nayo kama mtu anayezuia mlango kwenye upepo. Tamsin aligeuka amchome. Buti ya Marfa ilimkuta kwenye kifundo cha mguu. Akaanguka, kisu kikaserereka, na Marfa, akipapasa kama kipofu, akaupata mkono, akaukunja nyuma, akafunga pingu. Upande wa pili aliufunga kwenye bomba la mlango.

"Ana nguvu," Haugen alisema, akikaa chini taratibu. Sasa alikuwa anahema kweli.

"Mayai," Marfa alisema kwa sauti iliyokauka. "Sikiliza."

Mzee aliweka sikio kwenye begi. Mlango wa handaki ulifunguka mbele, mwanga wa kijivu ukaingia, na mvua.

"Bado anaongea," alisema.

*

Mpishi wa treni alimmwagia maziwa jichoni bila kuuliza maswali. Walinzi wawili wa treni wakakaa na Tamsin, na abiria wakaambiwa kibaraza kile kimeharibika.

Dakika kumi baadaye Marfa alitembea kwenye ukumbi wa bandari ya Whittier akiwa ameshika bendera yake ndogo ya kampuni, jicho moja jekundu kama nyanya. Nje ya vioo meli *Aurelia Norden* ilijaza ghuba nzima, nyeupe, orofa juu ya orofa. Haugen alitembea kando yake, mrija puani, begi begani.

"Jicho limefanyaje?" Bibi Pfister aliuliza.

"Mafua, mama."

Mtu mwenye sare nyeupe alikuja akisukuma kiti cha magurudumu. Miaka arobaini hivi, nywele zimechanwa vizuri, kitambulisho cha zahanati ya meli.

"Mzee Haugen? Karibu sana. Ulipata baridi huko milimani?"

"Kidogo. Miguuni."

"Pole. Na mpwa wako?"

Haugen alitazama sakafu.

"Amekwama msalani," Marfa aliingilia, akipangusa jicho. "Treni imemvuruga tumbo. Mimi ndiye mtembeza kundi. Nimpeleke mzee kwenye foleni, au unaye wewe?"

Mtu wa sare alimpima kuanzia bendera hadi viatu. Aliona mwanamke wa makamo, amechoka, anataka kwenda nyumbani.

Aliona sawa.

"Ninaye," alisema. "Nipe mashine yako, mzee, nikubebee."

Alilipokea begi kwa mikono miwili, akaliweka mapajani pa Haugen kwa uangalifu ambao hakuna mhudumu anaompa mashine. Akaipita foleni, akaipita mashine ya ukaguzi, akatoa kadi yake kwenye mlango wa wafanyakazi. Taa ikawa kijani.

"Bwana," Marfa alisema nyuma yake. "Ondoa mkono kwenye kiti."

Wapagazi wawili waliokuwa wakipanga masanduku waliacha kupanga masanduku. Mmoja alikuwa na beji mkononi, mwingine bastola, imeelekezwa chini. Mtu wa sare aliwatazama, akautazama mlango, akamtazama tena mtembeza watalii. Taa ya kijani ikazimika.

Hakukimbia.

*

Ostlund alipiga simu akiwa Anchorage, sauti yake ikiwa na furaha ya mtu aliyekaa ofisini.

"Nilikuambia usimguse mtu kabla ya mpokeaji."

"Tamsin ndiye aliyenigusa."

"Nitaandika nini kwenye ripoti?"

"Andika hivyo."

Daktari wa wanyama alilifungua begi kwenye chumba cha nyuma cha bandari. Ndani, kwenye vitanda vya sponji, mayai manne ya rangi ya kutu. Moja lilikuwa na tundu dogo, na kwenye tundu ncha ya mdomo ikienda na kurudi, ikipumzika, ikienda tena. Haugen, mikono ikiwa na pingu, aliomba aone. Askari alimtazama Marfa. Marfa akaitikia kwa kichwa.

Mzee aliinama akatazama muda mrefu.

"Mrudisheni juu mwambani," alisema. "Msimzoeshe watu."

Walipomtoa alitembea bila kutazama nyuma.

Ukumbini foleni ilikuwa imesonga kana kwamba hakuna lililotokea. Marfa aliwapa watu wake mikono mmoja mmoja, akawaonyesha mlango. Bibi Pfister alimkumbatia, kisha akashusha sauti kama mtu mwenye malalamiko asiyependa kulalamika.

"Safari nzuri, mpenzi. Ila mbwa-mwitu hatukuona hata mmoja."

"Wanajificha, mama. Safari njema."

Alitoka nje kwenye mvua. Alisimama chini ya paa la duka la samaki, akapiga simu Nenana. Iliita mara nyingi kabla Hilda Ketzler, mama wa Amos, hajapokea.

"Ni Marfa, shangazi. Tumempata. Aliyekata kamba."

Upande wa pili redio ya jikoni ilisikika, mtu akisoma majina ya waliotuma salamu.

"Mwanamume?"

"Mwanamke."

"Ana mama?"

"Sijui, shangazi."

"Haya." Hilda alivuta pumzi. "Sauti yako mbaya. Umekula?"

"Bado."

"Basi kata simu ukale."

Marfa alikata simu. Aliingia dukani, akanunua samaki wa kukaanga na viazi kwenye karatasi, akavila wima, kwa vidole, mpaka vikaisha. Meli ilipiga honi. Watu kwenye roshani walipunga mikono kwa yeyote aliye chini.

Alifuta mikono, akainua kola, akaenda kutafuta kiti kwenye treni ya kurudi.